Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi na maji: Mita 60 za korongo zinaanzia wapi?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Ardhi na wa Maji,
Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma,
Nakala: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na Bodi za Maji za mabonde ya Wami/Ruvu, Rufiji na Bonde la Kati.

YAH: KUPIMWA KWA KINGO ZA MAKORONGO YA DODOMA KABLA VIWANJA HAVIJAGAWIWA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naleta mbele yenu swali ambalo wateja huniuliza kila mara, na ambalo mimi kama mpima ardhi sina pa kulipatia jibu lenye muhuri. Mita 60 kutoka mtoni huhesabiwa kuanzia wapi?

Namba yenyewe haina utata. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizo hizo. Jirani zetu wa Kenya walibaki na vipimo vinavyotofautiana, mita 6 hapa, mita 30 pale, na mwaka 2018 Nairobi ikabomoa majengo makubwa ya biashara ambayo wenyewe walikuwa na karatasi zote mkononi. Sisi tuna kipimo kimoja, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini utepe wa kupimia una ncha mbili, na sheria imeshika moja tu.

Kwenye mto unaotiririka mwaka mzima, swali langu lingekuwa la kitaaluma tu. Unaona maji, unaona nchi kavu, unaweka alama. Dodoma hatuna mito ya namna hiyo. Tunapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa wastani, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa yake hushuka kwa dhoruba chache za kishindo. Kuanzia Mei korongo linabaki mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo, malori yanaingia kuchota. Ukisimama hapo mwezi wa tisa ukiwa na mashine yako begani, una angalau sehemu nne ambazo mtu mwenye akili timamu anaweza kuziita ukingo. Kuna pale mchanga unapoishia. Kuna juu ya genge, pale udongo ulipokatwa. Kuna pale maji ya msimu wa kawaida yanapofika, ambapo majani na vichaka hubadilika. Na kuna pale maji yalipofika msimu wa Elinino wa 1997/98, ambapo wazee wa mtaa watakuonyesha kwa kidole bila kusitasita.

Penye magenge marefu, sehemu hizo nne hazipishani sana. Penye mbuga hali ni nyingine kabisa. Mbuga ni tambarare ya udongo mweusi, korongo likifika hapo linapoteza kingo na maji yanatambaa kila upande. Wakazi wa Nkuhungu, hapa jijini, wanalijua hili vizuri, kwa kuwa mvua zikiwa kubwa maji huwafuata majumbani. Hapo ukihesabu mita 60 kuanzia kwenye mchanga, unampa mtu ruhusa ya kujenga mahali ambapo kila mkulima wa zamani alipaita mbuga na akapaachia maji.

Sasa naomba mnifuate ofisini, kwa sababu kosa halianzii kwa mwananchi. Mchoro wa mipango miji siku hizi huchorwa juu ya picha ya satelaiti. Picha nzuri ni ile isiyo na mawingu, na picha isiyo na mawingu hupigwa kiangazi. Mchoraji anaona utepe mweupe wa mchanga, anaufuata kwa mstari, anaandika "korongo", kisha anapanga viwanja. Mstari ule ni mkondo wa kiangazi. Hauonyeshi ukingo. Ukiutumia kama sifuri ya mita 60, tayari umekula sehemu ya hifadhi kabla mtu yeyote hajachimba msingi. Mimi nikipewa mchoro huo na kuambiwa nikaupandishe ardhini, kazi yangu ni kuchomeka bikoni, yaani alama ya mpaka, pale mchoro unaposema. Bikoni itakaa sawasawa hadi sentimita. Usahihi wa namna hiyo haumsaidii mtu ambaye maji yamefika dirishani.

Halafu kuna hesabu ambayo haisemwi kwenye vikao. Chukueni korongo lenye upana wa mita 5. Ongezeni mita 60 kila upande, mnapata ukanda wa mita 125. Kilomita moja ya korongo hilo inachukua hekta 12 na nusu. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, hapo panaingia viwanja zaidi ya 200 hata kama tutasahau barabara. Ni jiji gani lenye foleni ya waombaji litaacha viwanja hivyo kwa moyo mweupe? Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 410,956 ndani ya Dodoma mjini, ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilivunjwa Mei 2017, Manispaa ikawa Jiji Aprili 2018, na kila ofisi iliyohamia hapa ilihamia na watumishi wanaotaka pa kujenga. Kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupima mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango, kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu mapato ya kampuni inayopima hutegemea idadi ya viwanja vilivyochangiwa fedha na wenyewe. Ukanda wa hifadhi hauchangiwi na mtu. Kwa hiyo mpima anayeuheshimu anajipunguzia riziki, na anayeufinya anasifiwa kwa kasi. Sisemi wapima wote tuko hivyo. Nasema mfumo umepangwa hivyo.

Niseme jambo moja ambalo halitawapendeza watu wa mazingira, ambao nawaheshimu. Sioni kama mita 60 zinafaa kwa kila mfereji uliochimbwa na mvua nyuma ya nyumba ya mtu. Dodoma ina makorongo mengi madogo mno kiasi kwamba sheria ikitekelezwa neno kwa neno, mitaa mizima itakuwa hifadhi. Matokeo yake tunayaona: kwa kuwa haitekelezeki pote, haitekelezwi popote, hata kwenye matawi ya mto Kinyasungwe ambako ingeokoa maisha. Afadhali makorongo yapangwe kwa madaraja, kwa kuangalia eneo linaloleta maji na wingi wa maji yenyewe, halafu kila daraja lipewe upana wake kwa kanuni iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Lakini hilo lifanywe na nyinyi mliopewa mamlaka hayo na sheria, mbele ya watu. Leo linafanywa na mchoraji mmoja na kipanya chake.

Baada ya swali la ukingo linakuja la pili, gumu zaidi, nalo ni la mpaka unaotembea.

Tulipokea sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ndani yake zimo kanuni za zamani za ardhi inayopakana na maji. Mto ukihama polepole, punje kwa punje, mpaka unahama nao, aliyeongezewa ameongezewa na aliyepunguziwa amepunguziwa. Mto ukiruka ghafla na kufungua njia mpya, mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani hata kama umekauka. Kanuni hii imeamua mambo makubwa duniani. Mwaka 1877 mto Missouri uliruka mkondo karibu na Omaha, na mwaka 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mpaka wa Iowa na Nebraska ubaki palipokuwa na maji zamani, ndiyo maana mji wa Carter Lake ni wa Iowa hadi leo ingawa uko upande wa Nebraska wa mto. Kwetu, mpaka na Malawi kwenye mto Songwe umesumbua tangu ulipokubaliwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, kwa sababu mto ule ukikaribia Ziwa Nyasa hujipinda na kubadili njia, na serikali zetu mbili zimelazimika kuwa na programu ya pamoja ya kuutuliza.

Swali ni kama kanuni hiyo inafaa Nkuhungu au Mpwapwa. Agizo la 1920 lililozileta sheria hizo lilisema lenyewe kwamba sheria za Kiingereza zitumike kwa kadiri hali ya nchi na ya wakazi wake inavyoruhusu. Hali ya nchi yetu hairuhusu. Korongo la Dodoma haliendi punje kwa punje. Linalala miezi saba, kisha usiku mmoja wa Januari linakata genge mita tatu na kuhamishia mchanga ng'ambo. Hiyo ni polepole au ghafla? Wanasheria wawili watakupa majibu matatu. Wahandisi wa reli ya kati hawakuhitaji mwanasheria kujua Kinyasungwe ni mto wa aina gani, kwani kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesombwa mara kwa mara, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikifunga kwa miezi.

Mtaani mambo hujiamulia. Korongo likisogea kushoto, wa kulia anavuta uzio. Anaweka nguzo kwenye mchanga mpya, anapanda mgomba, baada ya misimu miwili anasema hapa ni pangu tangu zamani. Wa kushoto, ambaye bikoni yake imening'inia kwenye genge au imeshaanguka ndani, anaendelea kulipa kodi ya pango la ardhi kwa mita za mraba ambazo sasa ni hewa. Nimeona ramani ya upimaji inayoonyesha kiwanja kikiishia "kwenye korongo", bila tarehe ya kupima ukingo, bila neno lolote la kusema kama mpaka ni ile namba ya kuratibu, inayotaja mahali kwenye ramani, au ni korongo lenyewe. Mahakama ikipelekewa ramani kama hiyo itakumbuka kanuni ya kawaida ya upimaji kwamba alama ya asili hushinda vipimo, na hapo wa kulia anashinda kwa sababu ya mvua.

Maoni yangu, na najua wenzangu wengine watapinga, ni kwamba mpaka wa kiwanja mjini usitembee kabisa. Ufungwe kwa namba za kuratibu, nje ya hifadhi, na bikoni za zege zenye nondo zikae mbali na genge. Kinachotembea kiwe hifadhi peke yake, ambayo ni mali ya umma, na ipimwe upya kila baada ya muda uliowekwa na baada ya kila mafuriko makubwa. Mchanga mpya unaoachwa na korongo uwe wa hifadhi, usiwe wa jirani. Vijijini vivyo hivyo. Vyeti vingi vya ardhi ya kijiji hutaja korongo kuwa mpaka wa kijiji na kijiji, na korongo likihama, mkulima wa huku na mfugaji wa kule wanashikana kwa kitu ambacho kingezuilika kwa bikoni za rejea chache kila upande, zilizowekwa kwenye ardhi ngumu na umbali wake hadi ukingoni ukaandikwa kwenye ramani.

Kuhusu haki ya maji yenyewe nitasema kwa kifupi, maana sheria hapo iko wazi na tatizo ni watu kutokuijua. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kupakana na korongo hakukupi umiliki wa maji yanayopita humo. Ukitaka kuyavuta kwa pampu kumwagilia zabibu zako unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lako. Mchanga nao ni madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2010, una leseni yake. Hata hivyo kuna wenye viwanja wanaowatoza malori ya mchanga kana kwamba wanauza mahindi ya shambani kwao, na kila lori linalotoka linashusha kitako cha korongo na kulegeza genge la jirani. Mnaotafuta kwa nini kingo zinaporomoka kwa kasi tangu ujenzi wa makao makuu ushike moto, anzieni hapo. Kisha angalieni makalavati, yanayokusanya maji ya mtaa mzima na kuyatemea mahali pamoja, na mabati na sakafu za zege ambazo zimechukua nafasi ya udongo uliokuwa ukinywa maji.

Kuna waliopoteza zaidi kuliko wenye viwanja, nao hawana hati ya kupunga hewani. Nazungumzia kina mama wanaochimba visima vya mchangani wakati wa kiangazi, na wafugaji wanaonyweshea humo. Njia zao za kufikia korongo zilikuwepo kabla ya mchoro wowote. Uzio ukifika hadi kwenye mchanga, njia imekufa, na hakuna mahali kwenye ramani ilipoandikwa kwamba iliwahi kuwepo. Mkipima hifadhi, pimeni na mapito ya kuingia humo, yawe na upana unaotosha ng'ombe, siyo uchochoro wa baiskeli.

Mtasema kazi hii ni ngumu. Nawajibu kwa Mtera. Bwawa lile linapanda na kushuka, na kati ya kina cha chini cha uendeshaji, mita 690 juu ya usawa wa bahari, na kina cha juu cha mita 698.5, ufuko wake huhama umbali ambao mgeni hawezi kuamini. Lakini kila mtu anayehusika anajua namba hizo mbili. Ukiwa na mita 698.5, mpima anaweza kuutembea mstari huo ardhini hata kama maji yako mbali, akaweka alama, akahesabu 60. Hombolo, bwawa la tangu 1957 ambalo limejaa tope, linahitaji namba kama hiyo iliyopimwa upya na kutangazwa. Na makorongo nayo yanaweza kupewa namba. Haidrolojia (taaluma ya mwenendo wa maji) ya kukadiria maji ya msimu wa kawaida na ya mafuriko ya miaka mingi inafundishwa vyuoni kwetu, vijana wapo.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Timu moja iundwe, ikiwa na mtaalamu wa haidrolojia kutoka Bodi ya Bonde, mpima, afisa mipango miji na wazee wa mtaa husika, itembee makorongo makubwa ya Jiji mwezi wa tano, majani yakiwa bado yanaonyesha maji yalipofika. Ukingo upimwe na uandikwe tarehe. Bikoni za hifadhi ziwe na umbo na rangi tofauti na za viwanja, ili hata mnunuzi asiyesoma ramani ajue amesimama wapi. Mchoro wowote mpya unaogusa korongo usiidhinishwe bila mstari huo, na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani asipokee ramani inayosema "kwenye korongo" bila kueleza mpaka ni upi. Mkoa huu unagawanywa na mabonde matatu ya maji. Mwananchi wa Bahi, wa Hombolo na wa Mtera kila mmoja ana Bodi yake. Kanuni iwe moja, asije mtu akapimiwa kwa mkono mwingine kwa kuwa tu maji yake yanaelekea kwingine.

Na waliokwisha kujenga? Hapa naomba mniwie radhi nikikaza sauti kidogo. Desemba 2015 bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, lilionyesha jinsi alama ya X nyekundu, ya nyumba ya kubomolewa, inavyomfikia mtu kabla ya maelezo. Hatuhitaji kurudia hapa. Aliyevamia hifadhi akijua, sheria ichukue mkondo wake. Lakini kuna mtu aliyepewa kiwanja na ofisi ya umma, ramani yake ikasainiwa, hati ikatoka, kodi akalipa, na leo anaambiwa yumo ndani ya mita 60 za sifuri isiyokuwepo siku anapewa. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali yake, na Sheria ya Ardhi inazungumza fidia kamili, ya haki na ya haraka. Akilazimika kuhama, ahamishwe kwa fidia au kiwanja mbadala, na ofisi iliyosaini ndiyo ieleze ilipimia wapi. Mkipima ukingo kwanza, mtagundua pia kuna waliowekewa hofu bure, ambao nyumba zao ziko nje kabisa ya hatari. Hao nao wana haki ya kuambiwa kwa maandishi.

Bunge la bajeti hukaa hapa hapa Dodoma hadi Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Fungu la kupima kingo likiingia katika bajeti ijayo, timu inaweza kuingia korongoni Mei inayofuata. Likikosekana, viwanja vya pembezoni mwa makorongo vitaendelea kutangazwa na kulipiwa kama kawaida, na wapima tutaendelea kuvichomekea bikoni.

Wenu katika kazi,
Mpima ardhi, Dodoma